Mzinga Upi?

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia misumari kabla hujalisoma, sikulaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kulifungia sabuni. Ngoja nikueleze kwa ufupi tulipofikia.

Mimi ni fundi redio. Usicheke bado. Mimi ni fundi redio mwenye sikio moja. La kulia lilikufa nikiwa askari wa mizinga, siku kombora lilipofyatuka kabla ya amri. La kushoto nalo limeanza kufungasha virago. Daktari wa masikio ameniambia linaweza kuokolewa kwa upasuaji, ila mambo yafanyike mapema. Hospitali ya askari wastaafu hufanya upasuaji huo bure, lakini kwa wale tu waliotambuliwa kwamba waliumia kazini. Nikaomba kutambuliwa. Nikajibiwa kwa mstari mmoja: jeraha lako halitokani na utumishi.

Halitokani na utumishi! Kwani nililinunua wapi, sokoni?

Nikakata rufaa. Wiki iliyopita nilituacha mimi na mke wangu, Mama Pacha, kwenye benchi nje ya chumba cha jopo la rufaa. Nimevaa koti nililofungia ndoa, vifungo havifungi tena, tunangoja kuitwa.

Mama Pacha akaenda kutafuta maji ya kunywa. "Usiondoke hapo," akaniambia. Nami mume mtiifu, sikuondoka.

Huku nyuma karani akatokeza mlangoni, midomo ikamcheza. Ikamcheza tena. Mara ya tatu akanitazama usoni kabisa, nami nikamwinamishia kichwa kwa adabu. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Mama Pacha akarudi. "Bado hawajakuita?"

"Bado. Lakini yule karani ana heshima, jamani. Amenisalimia mara tatu."

Mama Pacha aliiweka chupa ya maji chini polepole. Mimi namjua. Akiweka kitu chini polepole, kuna mtu ataumia. Akaenda kuugonga ule mlango kama mwenye nyumba anayedai kodi.

"Huyo ameitwa, hakuitika," karani akasema. "Nimeshaandika: mwombaji hakutokea."

"Hakutokea? Si huyo hapo ameketi kama mtungi!"

"Nimemwita mara tatu, mama."

"Umemwita kwa nini?"

"Kwa mdomo."

"Na rufaa yake ni ya nini?"

Karani akafungua jalada, akatazama, akalifunga. "Ya uziwi," akasema.

"Haya, mwanangu. Umemwita kiziwi kwa mdomo mara tatu, halafu umeandika hakutokea."

Kutoka ndani ya chumba kikasikika kicheko. Mimi sikukisikia, nimesimuliwa. Niseme tu ili tuelewane: mtu akiwa karibu na kushoto kwangu, na sauti anayo, namsikia. Akiwa mbali, nasoma midomo. Yanayobaki nasimuliwa na Mama Pacha, naye huongeza chumvi kidogo, kama mpishi yeyote mzuri.

Tukaingia.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, ya kumlaza mtoto. Kulia kwake daktari wa jopo, mwanamke mrefu mwenye kalamu nne mfukoni. Kushoto kanali mstaafu, sharubu zake zimesimama kama ziko kwenye gwaride. Pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa afisa wa mafao, yule wa ofisi iliyonikatalia. Miwani ameipandisha juu ya paji la uso.

"Karibu, baba," mwenyekiti akasema, akinielekezea uso ili nimsome. "Usiogope. Hapa hatumtafuti mkosaji. Tunataka kujua kama una ulemavu, kama kuna jambo lilikupata jeshini, na kama jambo hilo ndilo lililoleta ulemavu huo. Ulemavu wenyewe karani wetu ameshautolea ushahidi pale mlangoni."

Hata karani akacheka. Nikaona mambo si mabaya.

"Ofisi ituambie kwa nini ilikataa," mwenyekiti akasema.

Afisa wa mafao akasimama, akasoma maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyaandika kwa mkono wangu kwenye ombi la kwanza. Alisoma kwa sauti nzuri, kama mtangazaji.

"'Nilikuwa kwenye mzinga asubuhi, nyuma ya ghala la kambi. Mzinga ukavuma ghafla, sikio langu la kulia likavimba, na mpaka leo linavuma.' Sasa, waheshimiwa, ofisi yetu haina ubaya na mtu. Lakini kurina asali si kazi ya jeshi. Ni shughuli binafsi."

Nikamgeukia Mama Pacha. "Amesema kurina nini?"

"Asali!" akanipigia kelele sikioni. "Wanasema uliumwa na nyuki!"

Jamani! Mimi na jasho langu lote la jeshini, nimefanywa mwizi wa asali!

"Mheshimiwa!" nikasimama. "Mzinga ule wa kupiga! Wa baruti! Mimi nilikuwa askari wa mizinga!"

"Hukuandika hivyo," afisa akasema, tena bila ukali. "Penye kikosi umeacha wazi."

"Nilidhani mnajua."

"Jalada lako la utumishi lilipotea ofisi zilipohamishwa. Kilichobaki ni cheti cha kustaafu, nacho kinasema 'askari', basi. Tumebaki na mzinga wako unaovuma."

Mama Pacha akanivuta koti. "Neno moja," akasema kati ya meno. "Ungeongeza neno moja tu, baruti. Wino ulikuwa unakwisha?"

Kanali akakohoa. "Kusema haki, waheshimiwa, neno hili lina mitego. Kuna mzinga wa kupiga na mzinga wa nyuki. Na kuna mzinga wa chupa, ambao huko jeshini, mimi binafsi, niliwahi..."

"Tumekuelewa, kanali," mwenyekiti akasema.

Akanigeukia. "Baba, una mtu wa kuthibitisha kwamba ni mzinga wa kupiga?"

Hapo nikavimba kichwa. Kwa sababu ninaye! Rafiki yangu Nyundo, tuliyetumikia mzinga mmoja, bega kwa bega. Tulikuwa hatujaonana tangu kustaafu, tunaandikiana ujumbe wa simu tu, lakini nilipomwambia kuna shida alipanda basi akaja.

"Yuko nje, mheshimiwa. Aitwe." Halafu nikakumbuka. "Namaanisha, afuatwe."

Karani akamleta. Nyundo amenenepa, mvi kichwa kizima, lakini kicheko kile kile. Alipovuka kizingiti tu akatanua mikono, akaunguruma kwa sauti iliyotikisa vioo.

"Mzee wa Nyuki! Bado uko hai, wewe?"

Afisa wa mafao akaishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa vizuri, akafungua ukurasa mpya. Mimi nikatazama sakafu, nikiomba ipasuke nipite.

"Karibu, mzee," mwenyekiti akasema. "Wewe na mwombaji mlikuwa kikosi kimoja?"

"Asante, nimeshakunywa," Nyundo akajibu.

"Nimeuliza, mlikuwa pamoja jeshini?"

"Wanne. Wa mwisho yuko sekondari."

Nikaona midomo ya Mama Pacha, na ile sihitaji kusimuliwa. "Ee Mungu wangu. Kiziwi amemletea kiziwi mwenzake."

Wallahi sikujua. Utajuaje mtu ni kiziwi kwa ujumbe wa simu? Naye hakujua habari zangu zaidi ya kwamba nina kesi ya sikio. Tulikuwa tunasimama pale tunachekeana kama watu wawili waliokutana kisimani, kila mmoja hamsikii mwenziwe.

Afisa wa mafao akasema, "Waheshimiwa, kwa huruma kabisa, shahidi huyu hatusaidii."

"Ngoja," daktari akasema.

Akainuka, akazunguka nyuma ya Nyundo. Akasimama kulia kwake, akaita, "Mzee!" Nyundo anatabasamu tu, anatazama picha ukutani. Daktari akahamia kushoto. "Mzee!"

"Naam!" Nyundo akaruka.

"La kulia," daktari akasema, akachomoa kalamu moja kati ya zile nne. Kisha akamwinamia sikio la kushoto, akamwuliza kwa nguvu, "Hili la kulia liliharibika lini?"

"Siku ile ile na la huyu!" Nyundo akanionyesha kidole. "Mlio ule ule! Mzinga ulifyatuka tungali tunabeba!"

"Na kwa nini wewe hukuomba kutambuliwa?"

"Mke wangu anaamini ninajifanya sisikii. Nimemwacha aamini, mheshimiwa. Ina faida zake."

Kanali alicheka mpaka sharubu zikalegea. Lakini afisa wa mafao hakuacha kazi yake, na mimi simlaumu. Akaomba shahidi aulizwe swali moja: kwa nini anamwita mwombaji Mzee wa Nyuki?

Daktari akalipeleka swali sikioni. Nikamfanyia Nyundo ishara kwa macho, kwa nyusi, kwa kidevu. Akanitazama, akaelewa kinyume.

"Aa, hilo! Msimwone amekaa kimya! Kambi nzima tulikula asali ya huyu! Alitundika mzinga wake mwenyewe nyuma ya ghala. Hata mkuu wa kambi alikuwa anatuma bakuli!"

"Nyuma ya ghala," afisa akarudia, akiandika.

Mama Pacha akanigeukia polepole. Miaka yote tuliyoishi pamoja, hajawahi kulisikia hili.

"Kwa hiyo," mwenyekiti akasema, "mizinga ilikuwa miwili."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Yote nyuma ya ghala."

"Uwanja wa mazoezi ulikuwa huko huko, mheshimiwa. Wa nyuki ulikuwa kwenye uzio, wa baruti katikati ya uwanja."

"Na yote inavuma."

"Ndiyo."

"Nyuki waliwahi kukuuma sikioni?"

Hapo ningeweza kudanganya. Neno moja tu, hapana, na nani angenibishia? Nyundo? Nyundo alikuwa anatazama picha. Lakini mama yule alinielekezea uso wake wote ili nimsome vizuri, na mtu anayekujali hivyo humdanganyi.

"Waliniuma kila mahali, mheshimiwa. Sikio, pua, na pengine ambapo siwezi kupataja mbele yako. Lakini uvimbe wa nyuki ukifika jioni umeshatulia. Kelele ya huu mwingine haijatulia mpaka leo."

Kanali akasukuma kiti nyuma. "Mwenyekiti, niruhusu. Nataka niwaone walivyosimama."

Akaivuta meza ndogo ya afisa wa mafao, na karatasi zake juu, mpaka katikati ya chumba. "Huu ndio mzinga. Mdomo wake unaelekea dirishani. Kila mtu mahali pake!"

Halafu akajisahau. Akajaza kifua pumzi, akapiga ukelele ambao hata mimi niliusikia: "Mzinga, tayariii!"

Ndugu msomaji, sijui kilichotokea mwilini mwangu. Magoti yangu yanayolia kila asubuhi hayakulia. Nilijikuta niko kushoto kwa ile meza, nimeinama, mikono chini ya kombora lisilokuwapo. Na Nyundo, aliyekuwa hasikii hata anachoulizwa, yuko nyuma yangu, amelishika upande wa pili, ananihesabia mwendo kama zamani. Vifungo viwili vya koti vilivyokuwa vinaning'inia vikaruka vikaanguka chini ya meza kuu.

"Msisogee!" daktari akasema.

Akatuzunguka. "Wote wawili wametazama mbele. Wote sikio la kulia ndilo liko kwenye mzinga. Na mikono yenu, mbona hamkuziba masikio?"

"Tungezibaje?" nikasema. "Tumebeba kombora la pili, la kwanza limo ndani. Na amri ya kupiga ilikuwa haijatoka."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi na Nyundo tulibaki tumeikumbatia meza ya watu, wazee wawili, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Nilikuwa nimesahau jinsi vijana wale walivyokuwa wanapendana. Nyundo akanipigapiga mgongoni, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Usilie, bwana, watadhani tunaigiza."

Wakacheka wote, na mimi pia.

Mwenyekiti akamtazama afisa wa mafao. "Ofisi ina neno?"

"Ninalo, mheshimiwa, wala si la ubaya. Wazee husikia vibaya, wote tunajua."

"Uzee haubagui," daktari akasema. "Huchukua masikio yote mawili, tena polepole. Hawa wameondokewa na moja moja, la upande mmoja."

"Nakubali, daktari. Lakini hakuna mganga wa kambi aliyeandika lolote siku hiyo. Nyuki walikuwapo, kwa maneno yao wenyewe. Walimuuma sikio hilo hilo, kwa maneno yake mwenyewe. Na shahidi ni rafiki yake. Ofisi haiwezi kuchagua mzinga kwa sababu inaupenda."

Alisema kweli.

"Kanuni yetu unaijua," mwenyekiti akamwambia. "Mizani ikisimama sawa kwa sawa, jiwe la mwisho tunaweka upande wa askari. Swali letu ni moja: imesimama sawa, au imelalia kwa nyuki? Tupeni nafasi."

Tukatolewa nje.

Kwenye benchi Mama Pacha akaiokota ile chupa ya maji, akawa anaizungusha mikononi bila kuifungua.

"Kwa hiyo wewe ni mrina asali," akasema mwishoni.

"Nilikuwa."

"Na mimi nikikohoa unaninunulia asali dukani."

"Mama Pacha, mimi nyuki sitaki kuwaona tena."

Akacheka, halafu akaacha. Akaniegemea upande wa kushoto. "Wakikataa?"

"Daktari amesema likifa hili, basi."

"Utakuwa unasoma midomo yangu."

"Midomo yako naijua kusoma. Sauti ndiyo nitakayoikosa. Hata ile ya kunigombeza."

Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Akaniambia nisimlize mbele ya karani. Na kusema kweli niliogopa, ndugu msomaji, kuliko siku ile ya kombora. Siku ile sikupata nafasi ya kuogopa.

Upande wa pili Nyundo alikuwa amelala, anakoroma, kwa amani ya mtu ambaye hasikii hata mkoromo wake.

Karani akatoka. Safari hii hakuita. Alikuja mpaka kwenye benchi, akanigusa bega, akanionyesha mlango kwa mkono wote. Kijana amejifunza.

Tukasimama mbele ya meza ndefu. Kanali alikuwa anachezea sharubu, anatazama dari. Daktari amerudisha kalamu zote mfukoni. Afisa wa mafao amesimama, mikono nyuma. Nyuso hizo nilizisoma moja baada ya nyingine, sikupata kitu.

Mwenyekiti akachukua karatasi ya uamuzi. Na huyo mama mwema, aliyenielekezea uso tangu asubuhi, safari hii akainama kuisoma, kama wanavyosoma wasomaji wote. Kidevu kikamzama kifuani. Midomo ikapotea.

Nikatega sikio langu la kushoto. Nikalitega kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio mbovu. Nikapata "jopo". Nikapata "mizani". Nikapata "mzinga" mara mbili, sijui upi. Halafu yakaja maneno ya mwisho, na haya niliyapata vizuri kuliko yote, mwanzo na mwisho wake.

"Rufaa hii ime... liwa."

Imekubaliwa, au imekataliwa? Katikati pale, kwenye silabi mbili zilizobeba maisha yangu, palikuwa na mvumo tu.

Nikamtazama Mama Pacha. Amefunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yanamtetemeka. Nikamtazama Nyundo. Nyundo anacheka, lakini Nyundo amecheka tangu alipoingia. Afisa wa mafao akaja akanipa mkono, akaushika kwa muda, akasema jambo huku amegeukia mlango. Mkono wa pole ni huo huo wa hongera.

Nikamshika mke wangu viganja, nikavibandua usoni kwake. Machozi tele, mdomo wazi, maneno hayatoki.

"Mama Pacha!" nikapiga kelele, chumba kizima kikageuka. "Ime-nini-liwa?"